Mti Uliokuwa Kusini

Benedikto alikata mti wa jirani yake bure. Mti haukuwa na kosa.

Anaishi Chamazi, Temeke. Ana banda la kuonyesha mpira, lenye mabenchi kumi na televisheni moja kubwa. Jumatatu picha ilipotea. Jumamosi kulikuwa na mechi ambayo mtaa mzima uliisubiri.

Jumatatu hiyo, jua lilipozama, alisimama uani akitazama juu. Akaona nuru ndogo ikipita angani. Haikupepesa wala haikuwa na sauti. Ikaingia nyuma ya mwarobaini wa jirani yake, Bi Hamida, ikapotelea huko. Jumanne akaona nyingine, ikapita palepale.

"Satelaiti ile," alimwambia mkewe, Felicitas. "Inazibwa na mti."

"Mti una miaka kumi na saba. Mbona picha tulikuwa tunapata?"

"Umekua."

Bi Hamida alikuwa akipika wali na maharage chini ya mti huo. Ulipandwa na marehemu mumewe, Mfaume. Mchana viti vyake tisa vilijaa madereva wa bodaboda na mafundi ujenzi. Walifuata chakula, na walifuata kivuli.

Benedikto alipomwomba ruhusa ya kuukata, Bi Hamida aliweka upawa chini. Alikumbuka msiba wa mumewe. Benedikto ndiye aliyefunga maturubai, akalala nje na waombolezaji siku tatu.

"Kata, Baba Clara," alisema. "Mie na wewe hatuwezi kugombana kwa mti."

Alhamisi mti ulianguka. Picha haikurudi.

Ijumaa asubuhi Felicitas alimwita Editha, fundi wa madishi. Editha alitazama dishi, kisha akatazama kisiki.

"Shikamoo, mzee. Huu mti umekatwa kwa nini?"

"Marahaba. Ulikuwa unaziba satelaiti. Niliiona kwa macho yangu inapita."

"Satelaiti uliiona kweli. Lakini si yako."

"Yangu ni ipi?"

Editha alimwita Bi Hamida, ambaye alikuwa anakoroga maharage juani, kanga kichwani.

"Mama, njoo na upawa wako. Simama hapa katikati. Wewe ni Dunia, upawa ni dishi. Mzee, wewe nenda kule mbali. Wewe ni satelaiti."

"Mimi tena?"

"Wewe. Satelaiti ni kitu kinachoizunguka sayari. Mwezi ni satelaiti ya asili. Hizi za televisheni zimetengenezwa na watu. Njia inayopita satelaiti inaitwa obiti. Umbali wake kutoka ardhini unaitwa kimo. Muda wa kuzunguka mara moja unaitwa kipindi. Shika hayo matatu: obiti, kimo, kipindi."

"Na kwa nini haianguki?" Felicitas aliuliza.

"Dunia inaivuta chini kila wakati. Lakini inakwenda mbele kwa kasi kubwa mno, kwa hiyo kila ikianguka inaikosa Dunia. Inaendelea kuzunguka tu. Haya, nitazame mimi."

Editha alianza kumzunguka Bi Hamida kwa karibu, mbio mbio.

"Mimi niko obiti ya chini. Kimo changu ni kilomita mia nne au mia tano. Kipindi changu ni kama saa moja na nusu. Mama, nifuate na upawa."

Bi Hamida alijaribu, akaishia kucheka. "Utanitia kizunguzungu, mwanangu."

"Ndiyo ile nuru ya jioni, mzee. Ardhini kumeanza giza, yeye huko juu bado anapigwa na jua. Unamwona dakika chache, ameshapita. Dishi lililofungwa kwa bolti haliwezi kumfuata. Sasa zunguka wewe. Polepole. Mama, na wewe geuka polepole, upawa umwelekee yeye."

Benedikto alizunguka. Bi Hamida aligeuka. Upawa ulimlenga kifuani hatua kwa hatua, mzunguko mzima.

"Hauniachi," Benedikto alisema.

"Hauwezi kukuacha. Kimo chako ni kama kilomita elfu thelathini na sita. Kipindi chako ni siku moja, sawa na Dunia inavyojizungusha. Kwa hiyo ukitazamwa kutoka hapa, umesimama mahali pamoja. Hiyo inaitwa satelaiti tuli. Kwa macho huioni. Nayo hukaa juu ya ikweta tu, ule mstari wa katikati ya Dunia."

"Ikweta iko wapi kutoka hapa?"

"Kaskazini. Sisi tuko kusini yake. Dishi lolote la Dar linalotafuta satelaiti tuli linatazama upande wa kaskazini."

Bi Hamida aliteremsha upawa. "Kaskazini ni kibla," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mie kila siku naswali nikielekea kule." Alionyesha nyumba ya Benedikto. "Mti nilikuwa nauacha mgongoni, kusini."

Benedikto aligeuka akakitazama kisiki.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Uliniuliza?"

Editha akaenda kwenye nguzo ya dishi. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa hapo. Jumapili Benedikto aliifunga mwenyewe, na Jumatatu Felicitas akaanika mablanketi mabichi. Nguzo ilikuwa imevutwa kidogo.

"Kidogo cha hapa, huko juu ni mamia ya kilomita," Editha alisema. Alifungua kamba, akanyoosha nguzo, akalegeza nati na kulisogeza dishi kwa kipimo chake. Picha ikarudi. Jumamosi mabenchi yote yalijaa.

Siku hizi kamba ya nguo ina nguzo zake mbili. Wiki iliyopita jirani mwingine, Revelian, alikosa picha akachukua panga aangushe mpapai wake. Benedikto alimshika mkono. "Kwanza uko upande gani?" Ulikuwa kusini. Panga likarudi ndani, na mpapai bado unazaa.

Benedikto amemfungia Bi Hamida turubai, lakini saa saba chini yake hakukaliki kwa joto. Amepanda mwarobaini mwingine mahali palepale. Anaumwagilia kila asubuhi. Unamfika gotini.

Kulirekebisha dishi kulichukua spana moja na robo saa. Kutojua kulichukua mti mmoja, miaka kumi na saba ya kukua, na kazi ya mkono wa Mfaume. Viti vilikuwa tisa. Sasa mchana vinakaliwa viwili.