Msalaba wa Mikono Miwili

Kila jioni, jua lilipoanza kuteremka upande wa mto Lualaba, Apolline alitwanga mpunga nyuma ya nyumba yao, pembezoni mwa Kasongo. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mchi ulimlemea, lakini mama yake, Mama Emilienne, hakumhurumia. Alimwagiza atwange kwa nguvu, asipumzike mpaka aitwe. Kisha mama mwenyewe aliingia ndani na kufunga mlango.

Ndipo Apolline alipokuwa akimsikia marehemu baba yake akikohoa.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wakati wa kiangazi, baada ya kuugua kifua kwa miezi mingi. Chumba alichofia kilifungwa. Hata hivyo, kila Apolline aliposimamisha mchi ili ajifute jasho, alisikia kutoka chumba kile kikohozi kilekile kizito cha kukwaruza. Akatwanga haraka asisikie zaidi. Alikuwa amempenda sana baba yake. Sasa alimwogopa, na hofu hiyo ilimuumiza kuliko msiba wenyewe.

Majirani walikuwa na maelezo yao, maana majirani hawakosi maelezo. Kando ya hospitali kulikuwa na nyumba ndefu ya wagonjwa wa kifua. Juu ya mlango wake palichorwa msalaba mwekundu wenye mikono miwili, mmoja mfupi juu, mwingine mrefu chini yake. Misalaba ya makaburini ilikuwa na mkono mmoja tu. Basi ikasemwa kwamba kifua kikimchukua mtu mmoja, mkono wa pili humngojea mwingine wa nyumba ileile. Baba alikataa kabisa kupita chini ya alama hiyo, akafia nyumbani.

Siku moja mwuguzi Moustapha, mtu wa Kabambare, alipita nyumba kwa nyumba. Alikuwa amevaa koti jeupe, na mfukoni pake palishonwa msalaba uleule. Mama alikuwa shambani, naye alikwisha kumwagiza binti yake la kusema.

"Kwenu kuko mutu anakohoa?" Moustapha aliuliza.

"Hapana. Hakuna mutu."

Moustapha akasema wakimhitaji wamwite mapema, akaenda zake. Apolline alibaki na uongo wake, maana kikohozi alikisikia kila jioni.

Jioni ile kikohozi kilikuwa kirefu kuliko siku zote. Hofu ilimzidi mtoto hata ikageuka kuwa ujasiri: aliona heri amwone baba yake uso kwa uso kuliko kuendelea kumkimbia. Akauweka mchi chini, akaingia ndani, akasukuma mlango wa chumba kile.

Aliyekuwa amejikunja sakafuni alikuwa mama yake. Alijiziba mdomo kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na damu.

"Kwa nini umeacha kutwanga?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

Apolline akaelewa yote kwa mara moja. Kishindo cha kinu kilikuwa cha kuwaziba majirani masikio. Mama alimshika mkono, akamwomba asimwambie mtu. "Wakinipeleka kule hutaniona tena," alisema. "Mukono wa pili iko wangu."

Asubuhi Apolline hakwenda shule. Alikwenda hospitali, akamwambia Moustapha huku akilia kwamba alikuwa amemdanganya.

Mama Emilienne alipowaona wakija pamoja alikasirika, akakataa kuondoka. Moustapha hakubishana naye. Alivua koti, akalitandaza mkekani ili alama ionekane, akamsimulia ilikotoka. Wakristo wa mashariki, zamani sana, waliongeza mkono ule mfupi kukumbuka kibao kilichopigiliwa juu ya kichwa cha Yesu. Baadaye watawala wa Lorraine, huko Ulaya, waliuweka kwenye bendera zao. Katika Vita Kuu ya Pili, iliyokwisha miaka michache tu nyuma, Wafaransa waliokataa kuwainamia Wajerumani waliutumia kama alama yao. Na mwaka 1902 madaktari walikutana Berlin, wakauchagua uwe alama ya vita dhidi ya kifua kikuu.

"Mama, mimi ni Mwislamu," alisema. "Naivaa kwa sababu ni bendera ya vita. Pale mnapoiona, kuko watu wanaopigana na ugonjwa huu."

Mama aliuliza kama walioingia mle hutoka. Moustapha alijibu kwamba wengi hutoka, isipokuwa baadhi ya waliochelewa.  Mama akaanza kukunja vikwembe vyake, nguo zake za kujifunga, tayari kwenda.

Alichomwa sindano miezi mingi. Apolline alihamia kwa shangazi yake Anastasie, na kila Jumapili alimsalimu mama kutoka nje ya ua wa hospitali. Msimu wa mpunga mpya ulipofika, mama aliruhusiwa kutoka, mashavu yamejaa.

Siku hiyo, mlangoni, Apolline alimuuliza Moustapha swali lililomsumbua: kama baba angekuja, angepona?

Moustapha alimtazama Mama Emilienne, kisha mtoto.

"Siwezi kuapa," alijibu. "Angepata nafasi, lakini aliogopa, na waliomzunguka wakanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Wewe ulidanganya, kisha ukarudi kusema kweli kabla ya kuchelewa. Ndiyo sababu leo unarudi na mama."

Njiani kwenda nyumbani Apolline alimlilia baba yake. Tangu baba afariki, ilikuwa mara ya kwanza kumlilia bila kumwogopa.