Sura ya Pili Haikuwa Yake

Duka la kutoa kopi lilifurika wanafunzi, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Mkutubi wa chuo, ndani ya gauni la kijani lililomkaa sawasawa, akapigwa kikumbo, karatasi zake zikatapakaa sakafuni. Kijana mrefu aliyekunja mikono ya shati akainama kuziokota.

"Samahani, dada. Nimekuharibia siku."

"Bado. Ukinipangia kurasa vibaya ndiyo utakuwa umeiharibu."

Kijana alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, anatafiti maji ya visima. Tangu hapo simu hazikukatika. Kijana akimwita "malkia wa vitabu", naye akimwita "Daktari" kabla ya wakati, wakicheka hadi salio linakwisha.

Kisha tasnifu ya kijana ikafika maktaba. Ni mkutubi aliyezipitisha tasnifu zote kwenye programu ya kukagua maneno yaliyochukuliwa kwa wengine. Skrini ikawa nyekundu: karibu nusu ya sura ya pili ilikuwa ya mtafiti mwingine, neno kwa neno, bila kutajwa. Akampigia.

"Mpenzi, sura ya pili si yako."

"Niliyadondoa maneno hayo mwaka wa kwanza, nikasahau kama ni ya mtu. Haki ya Mungu."

"Nakuamini. Lakini naikabidhi kwa mwenzangu aikague, na kamati ya chuo itaambiwa."

"Si ufumbe macho tu? Nani atajua?"

"Mimi."

"Kumbe ndivyo unavyonipenda!" Akakata simu.

Wiki zikapita. Mkutubi akawa anakula bila kuonja. Mama yake akamwuliza, "Mwanangu, umemfukuza au amekukimbia?" Akasogeza sahani kando.

Jioni moja, akifunga maktaba, akamkuta kijana mlangoni, amekonda.

"Nilikwenda kwa kamati mwenyewe kabla hawajaniita. Sura nimeiandika upya yote, na yule mtafiti nimemwomba radhi. Mahafali ya mwaka huu yamenipita."

"Pole, mpenzi."

"Nilikukasirikia wewe kwa sababu kujikasirikia kulinishinda. Nisamehe."

"Ulinikatia simu."

"Sirudii." Akasogea hatua moja. "Nataka nikuoe. Utakubali?"

Mkutubi akamkazia macho. "Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kwa kila mwanamume aliyewahi kupenda. Nawataja wote, na shukrani nawapa."

Akacheka huku machozi yakimtoka. "Nimekubali. Jumapili uje nyumbani, mama ana maswali yake." Akamtwika mkoba wake begani, wakashuka ngazi pamoja.