Kioo Kilichotakiwa Kubaki Giza

"Umechanganya vioo, Fundi. Sema tu ukweli."

Mtafiti alimtamkia hayo mchumba wake mbele ya mkuu wa maabara, zikiwa zimebaki wiki tatu wafunge ndoa. Miaka minne alikuwa akisaka seli za neva zinazotengeneza homoni ya kumzuia kaa asivue gamba. Fundi alikata shina la jicho la kaa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavibandika juu ya vioo vya hadubini. Mtafiti akavidondoshea kingamwili, ile inayoishika homoni hiyo tu na kung'aa kijani chini ya hadubini. Kioo kimoja kilinyimwa kingamwili makusudi, kiwe cha kulinganishia. Sasa hicho ndicho kilichong'aa, na kile alichokitegemea kikawa giza totoro.

Fundi alivua koti jeupe, akalitundika.

"Mikono yangu naijua. Kama wewe huijui, tunaoana kwa lipi?"

Akaondoka. Alipigiwa simu mara sita, hakupokea. Jioni ukaingia ujumbe mmoja: "Tusisumbuane tena."

Mtafiti alilia mpaka macho yakavimba, ila kiburi hakikumtoka. Asubuhi aliwahi maabara kutafuta ushahidi wa kumtia Fundi hatiani. Akaviinua vioo kwenye mwanga.

Fundi huandika kwa penseli siku zote, kwa kuwa spiriti ya kuoshea vioo haiifuti. Hivi viwili vilikuwa na wino, na mwandiko ulikuwa wake yeye Mtafiti. Siku ile alikuwa na haraka, akashika kalamu iliyokuwa karibu. Wino ulipofutika, akaandika upya kwa kukumbuka tu, akavibadilishia majina.

Akachukua vipande vilivyobaki, akarudia kazi yote kwa penseli. Siku ya tatu seli zikang'aa, shada zima la kijani. Cha kulinganishia kikabaki giza.

Angeweza kunyamaza na kula sifa zake. Badala yake akamwandikia Fundi: "Njoo maabara saa nne. Usiponisamehe, angalau usikie."

Fundi alikuja, akasimama mlangoni kakunja mikono. Mtafiti akawageukia mkuu na wenzake wote.

"Aliyekosea ni mimi. Nilitumia wino, kisha nikamsingizia mtu asiye na kosa. Nilimvunjia heshima hapa hapa, na hapa hapa namwomba radhi. Vipande hivi kavikata mchumba wangu, na humu hakuna mkono mwingine unaoweza."

Fundi akaisogelea hadubini bila kumtazama mtu. Akainama, akavitazama vioo vyote viwili, kimoja baada ya kingine.

"Kazi nzuri," Fundi alisema hatimaye, jicho likiwa bado kwenye hadubini. "Ila hebu rudia pale mwisho. Mkuu alikuwa anakohoa."

Wenzao wakaangua kicheko. Mtafiti akafuta machozi, akanyoosha shingo, akasema kwa sauti iliyofika hadi ukumbini:

"Vipande hivi kavikata mume wangu."