Karatasi Haiogelei

Kila alasiri Samaki alipotoka shule, alipitia kwanza dukani kwa baba yake, fundi cherehani. Kazi yake pale ilikuwa moja. Alifunga sumaku kwenye uzi, akaiburuta sakafuni, chini ya meza ya kukatia na chini ya cherehani, mpaka inase pini zote zilizoanguka tangu asubuhi.

"Pini moja ikibaki," baba alipenda kusema, "mteja mmoja ataondoka akichechemea."

Samaki hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata likizo iliyopita, siku alipokwenda na binamu zake kwenye bwawa la kuogelea la chuo cha ualimu. Baba aliketi mbali, kivulini, akimtazama binti yake akikata maji kutoka ukuta huu hadi ule. Akashindwa kujizuia. "Jamani, huyu si mtoto, huyu ni samaki!" Binamu wakacheka, jina likamganda kama gundi, na shule ilipofunguliwa likaingia naye darasani.

Kitu ambacho baba hakukiona kutoka kule kivulini ni kwamba maji yalikuwa ya kifuani tu, na mguu mmoja wa Samaki haukuacha kukanyaga chini. Mikono iliogelea, miguu ilitembea. Samaki hakumdanganya mtu kwa mdomo. Aliacha tu watu waamini walichokiona, na kadiri walivyomsifu ndivyo ilivyokuwa vigumu kuwarudisha nyuma.

Sasa darasa la sita lilikuwa linajiandaa kwa safari ya milimani. Watoto kumi na wawili wangekwenda. Siku ya kwanza wangepanda kwa miguu hadi kambini, na siku ya pili wangeshuka mto kwa maboti ya mpira. Kiongozi wao alikuwa shangazi yake Samaki, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti iliyozoea kushindana na maji. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwaongoza wageni milimani na mtoni, na wote aliwarudisha makwao.

Shangazi alileta fomu zenye swali moja kubwa: Je, unajua kuogelea? Mdomo, mvulana aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, aliandika "Sana!" akapiga mistari mitatu chini yake. Kimya, aliyeketi dawati moja na Samaki, aliandika kwa herufi ndogo, "Sijui. Naogopa maji mengi."

"Samaki, wewe unasubiri nini?" Mdomo aliuliza. "Au umesahau jina lako?"

Darasa likacheka. Samaki akainamisha kichwa, akaandika, "Najua vizuri."

Jumanne alasiri shangazi alikuja dukani kupanga safari. Nyumbani kwake hakukuwa na meza kubwa kama ile ya kukatia. Alichukua chaki ya fundi, akachora maboti matatu juu ya kitambaa chakavu, kisha akamwaga kopo la vifungo.

"We dada," baba alilalamika, "hivyo nimevichambua wiki nzima!"

"Utavichambua tena, kaka. Mikono yako inahitaji mazoezi." Alimgeukia Samaki. "Tazama hapa, mwanangu. Vifungo vikubwa ni wanaojua kuogelea. Vidogo ni wasiojua. Mimi sipangi watoto kwa urafiki wala kwa urefu. Kila kidogo lazima kiwe na kikubwa chake."

"Kwa nini, shangazi?"

"Kwa sababu mtu akianguka majini, jaketi la uokozi litamweka juu, lakini hofu haielei. Atapiga maji ovyo, atayameza. Sisi viongozi tutamfikia, ila ile dakika ya kwanza ni ya mwenzake. Yeye ndiye atakayemshika, amtulize, amwelekeze kwenye boti." Alihesabu, akatabasamu. "Sita kwa sita! Miaka yote hii sijawahi kupata mpango uliokaa vizuri hivi."

Akaweka kifungo kikubwa cheusi cha koti mbele kabisa ya boti la kwanza. Kando yake akaweka kidogo cheupe. "Huyu wewe. Huyu Kimya."

Samaki alihisi sumaku ikimteleza mkononi.

Kabla hajapata la kusema, hodi ilibishwa. Aliingia mama yake Kimya akiwa bado katika sare nyeupe ya uuguzi. Kimya alikuwa nyuma yake, ameikumbatia fomu ya ruhusa kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama," Samaki alisema.

"Marahaba, mwanangu." Muuguzi hakuketi. Alimtazama shangazi. "Samahani kwa kukuvamia. Siku tatu nimekataa kusaini karatasi hii, na siku tatu mtoto huyu amekula nusu sahani. Ninaye huyu mmoja tu. Kazini huwa napokea wanaotolewa mtoni, dada. Wengine hawaamki. Nataka kujua jambo moja. Mwanangu atakaa na nani?"

Shangazi alinyoosha kidole kwenye vifungo. "Na huyu hapa. Damu yangu mwenyewe."

"Samaki?" Mabega ya muuguzi yalishuka. "Basi. Hapo umenitoa wasiwasi. Nipeni kalamu."

Baba alimpa kalamu. Kimya alirukaruka mara mbili. Ncha ya kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi.

"Usisaini!" Samaki alisema.

Muuguzi akainua kalamu.

"Mimi sijui kuogelea."

"Unasema nini?" baba aliuliza. "Nilikuona kwa macho yangu!"

"Uliona mikono, baba." Machozi yalimtoka. "Mguu ulikuwa chini. Siku zote ulikuwa chini."

Muuguzi alirudisha kalamu mezani polepole, akaikunja fomu. Kimya alimgeukia rafiki yake.

"Kwa hiyo ungeniacha nipande?" aliuliza.

Muuguzi alimshika mtoto wake mkono. Mama na mwana wakaondoka.

Shangazi alikaa akivitazama vifungo vyake. "Mpango mtamu umekwisha," alisema. Kisha akamvuta Samaki, akamfuta machozi kwa kipande cha kitambaa. "Umenikasirisha, usifikiri hujanikasirisha. Lakini umesema kabla hatujafika mtoni, na hapo umeniokoa na mimi. Sasa niambie, kama mtoto wa kaka yangu ameniandikia uongo, wangapi wengine wameniandikia? Kosa ni langu pia. Niliamini karatasi, na karatasi haiogelei."

Alhamisi watoto wote kumi na wawili waliitwa kwenye bwawa la chuo. Muuguzi naye alikuja, akasimama ukingoni na mikono kifuani. Shangazi aliingia majini, upande wa kina kirefu, akawaita mmoja mmoja.

Mdomo alikimbia, akaruka, akazama kama kinu. Shangazi alimwibua, naye akamkaba shingo kwa mikono miwili.

"Nimeteleza!" alikohoa.

"Umeteleza ndani ya maji?" shangazi aliuliza. Kicheko kilisikika hadi barabarani, na Mdomo mwenyewe akamaliza kwa kucheka.

Kati ya sita walioandika kuwa wanajua, waliojua kweli walikuwa watatu. Shangazi alitoka majini, akapanga upya safari palepale, akichora kwa kidole chenye maji juu ya sakafu. Sehemu ya juu ya mto, penye maji ya kasi, wangeipita kwa miguu kando ya ukingo. Wangepanda maboti kule chini, mto unapopanuka na kutulia. Kila boti lingekuwa na viongozi wawili watu wazima, na yeye angewaita wenzake wa kazi kesho yake. Na hakuna mtoto ambaye angegusa kasia kabla ya kujifunza kuelea chali akiwa amevaa jaketi.

"Haya, ingieni mjifunze," alisema, akarudi majini.

Samaki alishuka ngazi ya kwanza, akaushika ukingo kwa nguvu. Siku hii hakukuwa na jina la kumsukuma. Kando yake alisimama Kimya, ambaye hakuwa amemsemesha tangu Jumanne. Kimya aliitazama ile mikono iliyong'ang'ania ukingo.

"Hata wewe?" aliuliza.

"Hata mimi."

"Mbona hukusema? Tungeogopa pamoja." Akampa mkono.

Walilala chali juu ya maji, shangazi akiwashika migongo, kisha akiwashika kwa vidole viwili tu, kisha asiwashike kabisa. Walielea. Kimya alifumbua macho, akaona mikono yote miwili ya shangazi iko hewani, akapiga ukelele wa furaha.

Muuguzi alichuchumaa ukingoni. Aliitoa ile fomu mfukoni mwa sare, akainyoosha juu ya goti.

"Samaki, njoo hapa," aliita. Samaki akaja akidondosha maji. "Kila siku kazini nawaambia wagonjwa kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayeniambia mapema panapomuuma, huyo ninaweza kumsaidia. Anayeona haya akanyamaza, huletwa kwangu akiwa amechelewa. Kutojua si aibu, mwanangu. Kila ajuaye alianza hajui. Aibu ni kumwacha mwenzako aegemee ukuta ambao wewe unajua haupo."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Ulipaza sauti kalamu ikiwa mkononi mwangu, tena mbele ya baba yako. Watu wazima wengi wangemeza mate wakanyamaza." Akasaini, akapuliza wino ukauke, akamkabidhi shangazi. "Wakae pamoja, hawa wawili. Ila katikati ya boti, dada, katikati kabisa!"