Nati Zilizobaki Mferejini

Duka la alumini lilikuwa limejaa hapakanyagiki. Rafuni ulibaki upau mmoja tu wenye mifereji pande zote nne, na ulikuwa umeshikwa na watu wawili, kila mmoja na ncha yake.

"Dada, achia. Mimi fundi, nina kazi ya watu."

"Na mimi nina kazi yangu mwenyewe, kaka. Nani kakuambia ya watu ndiyo kubwa?"

Dada yule alikuwa mpima ardhi, ovaroli ya buluu, kitambaa chekundu kichwani, penseli sikioni. Fundi alimtazama usoni akasahau alichokuja kununua. Aliuachia upau, kisha akaubeba yeye mwenyewe mpaka kwenye trela la mizigo ambalo alikuwa analigeuza nyumba, maana kazi yake ni ya kuhamahama na vyumba vya kupanga vilikuwa vimemchosha. Mapenzi hayapigi hodi.

Wakaanza kujenga fremu pamoja: jiko, kabati; kitanda wakakiacha cha mwisho. Hawakuchomelea kitu. Nati inatelezeshwa ndani ya mfereji, bolti inaikaza; ukitaka kubadilisha, unalegeza unasogeza. Ila ukiziba ncha za upau kabla ya kutia nati, imekula kwako, utafumua fremu nzima. Fundi alimwita Milimita, maana hakukubali kipimo kipishe hata milimita moja. Yeye akamwita Bwana Karibu, kwa sababu kila kipimo chake kilikuwa "karibu mita moja".

"Milimita wangu, umekula?"

"Nitakulaje na kona yako imepinda?"

Siku moja kaka yake fundi, waliyefanya kazi naye karakanani, akamchokoza: "Utalifuata hilo trela, wewe?"

"Mwanamume mwenye karakana yake afuate trela? Kwani mimi gurudumu?"

Wakacheka. Milimita, aliyekuwa mlangoni na chai yao, akacheka pia, lakini neno lile lilimchoma.

Siku moja kabla ya safari fundi akakuta kitanda kimeshafungwa, chembamba, cha mtu mmoja.

"Hiki cha nani?"

"Changu."

"Peke yako?"

"Trela lenyewe jembamba."

Fundi akaweka spana chini akaondoka. Simu yake iliita mchana kutwa, akawa anaitazama tu. Alimtamani na alimkasirikia, na hasira ndiyo iliyoshinda. Asubuhi yake akaipokea.

"Trela likisogea, kitanda kinagongagonga," Milimita alisema. "Naondoka sasa hivi. Njoo ukiangalie kama fundi, kama hutaki kuja kama mtu."

Alikuja kama fundi, ila shati alikuwa amelipiga pasi. Nje gari la kuvuta trela lilikuwa linanguruma. Akatikisa kitanda, akatega sikio, akachungulia mferejini.

"Kuna nati humu, hazishiki kitu. Milimita mzima, unasahau nati?"

"Sikusahau."

"Sasa za nini?"

Dereva akapiga honi. Milimita akavua kitambaa chake, akakikunjakunja mikononi.

"Za nusu ya pili ya kitanda. Ilibidi nizitie kabla sijaziba ncha. Pau zake nimeshazikata, ziko chini ya turubai."

"Na ulinyamaza?"

"Ulisema wewe si gurudumu. Sikutaka kukuburuta."

"Ule ulikuwa utani, mpenzi!"

"Mimi haukunichekesha."

Fundi alitahayari mpaka masikio yakawaka moto. "Nilidhani umenipima ukaona sitoshi," alisema polepole.

Akalivuta turubai, akazitoa pau, akapiga magoti. Milimita akamwekea mkono begani kumzuia.

"Karakana je?"

"Kaka anaiweza. Kila siku ananiambia namchelewesha."

"Bwana Karibu, nikishaona umekaza hizo bolti, silegezi tena."

"Usilegeze. Mwambie dereva tunaanzia kwa mama yako. Silali kitanda hiki kabla sijapiga hodi kwenu."

Milimita akajibu kwa machozi, kisha kwa kumpa spana. Fundi akakaza bolti moja baada ya nyingine. Alipomaliza, kona moja ilikuwa imepinda kidogo. Milimita aliiona, akaiacha hivyo hivyo, akaenda kumwambia dereva.