Radi Aweka Ngoma Chini

Kila siku baada ya masomo, Radi alipitia nyumbani, akavua sare, akala haraka haraka, kisha akaelekea ukumbi wa mtaa kwenye mazoezi ya bendi ya ngoma za samba. Jina la Radi alipewa na mjomba wake siku alipogusa ngoma kwa mara ya kwanza, vikombe vya chai vikatikisika mezani. Mjomba huyo, fundi wa friji, ndiye aliyeanzisha bendi na kuiongoza kwa filimbi na ishara za mikono.

Filimbi ikilia, ngoma zote hunyamaza ghafla. Kundi moja hutoa jibu fupi, kisha wote huingia tena. Jibu likikosewa, bendi nzima huyumba. Mjomba alimkabidhi Radi wanagenzi wawili awafundishe jibu hilo: mama muuza mikate na mvulana wa darasa lake aliyeitwa Kijiti kwa wembamba wake.

"Polepole, mwalimu," alisema mama wa mikate. "Mikono hii imezoea kukanda unga. Unga haukimbii."

"Wa kwako leo umekimbia, mama," alisema Kijiti.

"Nyamaza wewe. Fimbo zenyewe umezishika kama uma."

Radi aliwaonyesha mara chache. Waliposhindwa, badala ya kuanza upya, alisimama katikati yao akalipiga jibu yeye mwenyewe kwa nguvu zote. Makosa yao yakamezwa. Mjomba, aliyesimama mbele, alisikia jibu safi.

"Wanafunzi wako wameiva?" aliuliza.

"Wameiva, Mjomba."

Bendi ilikuwa imealikwa kupiga kwenye kona ya mwisho ya mbio za mji. Siku moja kabla ya mbio, mpiga ngoma kubwa aliteguka mkono.

"Nitashika nafasi yake," Mjomba alimwambia Radi. "Kesho utaongoza wewe."

Radi alikuwa akiitamani filimbi hiyo tangu aingie bendi. Aliivaa shingoni kwa furaha, bila kukumbuka kwamba mwenye filimbi hapigi ngoma.

Mazoezi ya jioni hiyo yalipoanza, akapuliza. Ngoma zikanyamaza. Akawanyooshea mkono wanagenzi wake. Kijiti alipiga pigo moja, akasita. Mama wa mikate alipiga mawili, akamtazama Kijiti. Halafu kimya. Mtu mmoja nyuma akakohoa.

"Kumbe sisi tulikuwa tunasindikiza tu," alisema mama wa mikate.

"Jana jibu lilikuwa safi," alisema Mjomba. "Nani alikuwa analipiga?"

Radi angeweza kusema wameingiwa na woga, nao wangekubali.

"Mimi, Mjomba. Hawalijui bado. Nilikuwa nawafunika."

Mjomba hakufoka. "Una jioni hii. Wasipolijua, kesho watasimama na watazamaji."

"Nami nimeshawaambia wanangu waje kuniona," alisema mama wa mikate kwa sauti ya chini.

Kwa mazoea Radi aliichukua ngoma yake, kisha akaiweka chini, akaisogeza mbali kwa mguu. "Wekeni fimbo. Tulitamke kwanza. Du, taka-ta, du-du."

Walilitamka hadi Kijiti akaacha kucheka. Wakalipiga kwa viganja mapajani, kisha kwenye ngoma, mmoja mmoja. Mama wa mikate alichelewa kila mara kwenye pigo la mwisho. Hapo awali kelele za Radi zilimficha. Sasa Radi aliona sababu.

"Unanisubiri mimi, mama. Usinitazame. Litamke jibu moyoni."

Mama wa mikate alifumba macho. Pigo likaangukia mahali pake.

Kesho yake wakimbiaji walifika kwenye kona wakiwa hoi, vichwa vimeinama. Radi akapuliza filimbi. Jibu likaja: halikuwa na kishindo kama lile la awali, lakini lilikuwa la watu wawili wanaolijua. Bendi nzima ikaingia. Mkimbiaji mmoja akainua kichwa na kuongeza mwendo, na watoto wa mama wa mikate wakampigia mama yao makofi.

Walipokuwa wakipakia ngoma, Mjomba alimwita Radi kando.

"Ulipowafunika, uliyekuwa ukifanya mazoezi ni wewe, na jibu unalijua tangu zamani. Jana uliwaacha wakosee, ukaona wanakosea wapi. Huko ndiko kufundisha. Na siku ile ungeniambia hawajaiva, ningekusaidia mapema. Tatizo likisemwa kama lilivyo, watu wanajua pa kuanzia. Likifichwa, linakungoja siku yenyewe ya kazi."

"Nimeelewa, Mjomba."

"Vizuri. Jumatatu utapokea wanagenzi wengine."