Mlio wa Nne

Kengele ililia wakati hakuna mtu aliye hai wa kuibonyeza. Au ndivyo walivyosema watu wa pale, na watu wa machimboni, jamani, wakishakubaliana jambo, hata Mungu atasubiri nje.

Machimbo yenyewe yalikuwa nje kidogo ya Masumbwe, mali ya bosi mmoja aliyeitwa Deusdedit. Pembeni ya duara, yaani shimo la dhahabu, kulikuwa na kibanda cha bati, na humo ndani kompyuta kuukuu ambayo mtu wa mjini angeifanya kiota cha kuku. Aliyeifufua ni Zipora, fundi kutoka Ngokolo. Waya mrefu ulitoka kwenye kompyuta ukashuka chini kwa wachimbaji, ukaishia kwenye kitufe. Kitufe kikibonyezwa, kompyuta inapiga kengele kibandani. Mlio mmoja, simamisha winchi. Miwili, teremsha. Mitatu, pandisha mtu.

Waya huo ulichomekwa kwenye porti sambamba, ile pana ya kizamani tuliyokuwa tunachomekea printa. Mfumo aliouweka Zipora haukuwa na habari nayo. Basi akakaa akaijenga upya kerneli, kile kiini kinachoendesha mfumo wote, na kila mahali mashine ilipomuuliza kama porti sambamba itambuliwe alijibu ndiyo. Angeweza kuiweka kama moduli, kipande cha kuchomoa na kurudisha. Hakutaka. Aliipachika ndani ya kiini kabisa, asije mtu na kiherehere chake akaichomoa huku watu wako chini. Na mmoja wa hao watu wa chini alikuwa Nkwabi, mume wake, baba wa binti yao Ritha.

Nkwabi alikuwa na vituko vyake. Akimaliza kazi alibonyeza mitatu, akatulia kidogo, kisha akaongeza mmoja. Mlio huo wa nne haukuwa kwenye sheria yoyote ya duara. Ulikuwa wa Zipora: nakuja, nibandikie maji ya kuoga. Wenzake walimcheka, naye wala hakujali.

Siku moja matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara, yakakatika. Nkwabi na mwenzake Edson wakafukiwa. Bomba la hewa lilinusurika, kwa hiyo kompresa, mashine ya kusukuma hewa chini, ikaachwa ingurume, na kesho yake asubuhi kengele ikalia mara tatu. Wanawake walipiga vigelegele! Mwita, mchimbaji hodari, akashuka kuwafukua. Kifusi kikamshukia, wakamtoa maiti. Walikuwa bado wanamfunika turubai pale juu, kengele ikalia tena. Mitatu. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele.

Ikaendelea kulia, mitatu mitatu, siku nzima na siku iliyofuata. Watu wakaanza kukipita kibanda kwa mbali. Mama lishe akahamisha jiko lake. Ndipo bosi akamleta mganga kutoka Maganzo, mzee mmoja anayeitwa Nasibu, aliyesifika kwa kufukuza majini kwenye maduara.

"Shikamoo," Zipora alimwamkia mlangoni.

"Marahaba, Mama Ritha. Pole na msiba."

"Sijafiwa."

Mzee akampita, akaingia kibandani. Zipora alisikia harufu ya udi, nzito, ya kukaba koo, ingawa mganga hakuwa amewasha kitu, na mfuko wake ulikuwa bado umefungwa.

"Mama Ritha," bosi alisema kwa sauti ya chini, kama aliye karibu na mgonjwa. "Hii mashine yako inaweza kulia yenyewe?"

Hapo angedanganya. Uongo mdogo tu, na Mungu angemwelewa. Lakini alikuwa fundi, na mafundi wana ugonjwa wa kusema kweli mahali pabaya. "Inaweza," alisema. "Waya ukiingia maji, porti hizi huona ishara ambayo hakuna aliyeituma."

"Na mumeo alikuwa na mlio wake," Nasibu akadakia. "Umeusikia?"

Wote walijua jibu. Ilikuwa mitatu, mitatu, wa nne haukuja kamwe.

"Basi si yeye. Ile mitatu kila mtu anaijua, na jini linaijua. Linajifanya mtu ili liite watu. Limeshamla Mwita. Waya usiguswe, atakayeukata litamshika. Mashine ndiyo itolewe sikio, na wewe uliyelitia ndiye ulitoe. Ukishalitoa, ufute kila alama yake."

"Mganga, na kama ni mtu kweli?"

Aliyejibu ni Paskalina, mjane wa Mwita, aliyekuwa amejikunyata kwenye kona na kanga yake nyeusi. "Wangu ameshakufa kwa kengele yako," alinong'ona. "Unataka wa nani tena?"

Zipora akavuta kiti. Alifungua ile orodha ndefu ya maswali ya kerneli, akafika kwenye porti sambamba, na pale alipokuwa amejibu ndiyo akajibu hapana. Kisha akaiamuru mashine ijijenge upya. Mashine ile ilikuwa kuukuu, kazi hiyo iliichukua mchana kutwa, na mchana kutwa kerneli ya zamani ilikuwa bado inasikia, kwa hiyo kengele ililia, na mistari ikapanda kwenye kioo, na kengele ikalia, na bati likawaka jua na udi ukazidi kunuka mpaka machozi yakamtoka, na vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe ambavyo kimoja tu kingetosha kusitisha yote, na kila alipokiangalia alimwona Paskalina pale kwenye kona na kengele ikalia tena mitatu, polepole kuliko mwanzo, kama mtu anayepumzika katikati, na bado wa nne haukuja. Akaifuta ile ya zamani, Nasibu akiwa amesimama nyuma yake. Akaiwasha mashine upya.

Kabla kioo hakijazimika, kengele ililia mara tatu. Ikatulia. Ikalia mara moja.

"Ni yeye!" Zipora aliruka. "Huo ni wake! Bosi, huo ni wa Nkwabi!"

"Umeona?" Nasibu alisema taratibu. "Sasa limejifunza mpaka siri yako."

Kioo kikawaka. Kerneli mpya ikahesabu vifaa vyake kimoja kimoja, na porti sambamba haikuwemo. Kibanda kikawa kimya. Halafu kukaja kimya kingine kutoka nje, kikubwa zaidi, na Zipora alichelewa kidogo kukielewa. Charles, mlinzi wa kompresa, alikuwa ameizima.

"Washa! Charles, washa, wanavuta nini kule chini?"

"Jini halivuti hewa, Mama Ritha," bosi alimwambia kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kofi. Alipigana nao. Wanawake walimshika mikono, wakimwonea huruma kabisa, wakaambiana kwamba limempanda na yeye. Kibanda kikafungwa kufuli.

Kifusi kilikuja kuondolewa baadaye. Usidhani ni kwa ajili ya watu. Bosi alikuwa anautaka mwamba wenye dhahabu. Edson alikutwa amelala chini ya kitufe. Ndiye aliyekuwa akibonyeza siku zote zile, mitatu kama sheria inavyotaka, maana wa nne haukumhusu. Nkwabi mguu wake ulikuwa umesagika, na ardhini palikuwa na mburuzo kutoka kule lilikomwangukia jiwe mpaka ukutani. Dole gumba lake lilikuwa bado juu ya kitufe. Watu walitazama, wakageuza nyuso. Nasibu alisema jini ndilo lililowapanga hivyo maiti, kuwatia watu uchungu. Na wapo walioitikia!

Zipora alimzika mumewe, akarudi kazini. Wengi walishangaa. Ritha alikuwa anakwenda shule, na shule haisomeshi kwa machozi. Alimwomba bosi jambo moja tu, amruhusu kurudisha porti kwenye kerneli.

"Kengele hiyo isirudi duarani kwangu," bosi alisema. "Tutapiga kelele, inatosha."

Duara likawa tayari kufunguliwa upya. Nasibu akaagiza kafara: mwenye duara ashuke peke yake asubuhi na kuku mweupe, akamchinje pale pale. Bosi akaingia kwenye pipa la winchi, kuku kwapani, uso umemparama. Winchi siku hiyo aliishika Zipora, ufunguo wake ameufunga kwenye pindo la kanga. Akamteremsha vizuri kabisa, bila kumtikisa.

Muda ukapita. Kelele haikusikika. Kisha kibandani, kwenye mashine isiyokuwa na sikio, kengele ikalia. Mitatu, ya haraka haraka, imebebana.

Watu waliganda. Kengele ikalia tena. Mitatu.

"Mpandishe!" Nasibu alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mama Ritha, bosi huyo anaita!"

"Mashine haisikii, Mganga. Nililitoa sikio kwa mkono huu, wewe umesimama nyuma yangu. Kinacholia hapo kinawezaje kuwa mtu?"

"Mama, usitanie! Kuna mtu kule chini!"

"Jini linajifanya mtu ili liite watu," Zipora alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Unataka kushuka ukaangalie?"

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Mitatu tena, tena, tena. Hakuna aliyesogelea duara. Harufu ya udi ikaja, ileile ya kukaba koo, na Zipora alipogeuka kuitafuta alikuta inatoka kwenye kanga yake mwenyewe. Alijua anachokifanya, tusimtetee.

Charles alikuwa amesimama kando ya kompresa, macho yamemtoka, akingoja kuambiwa la kufanya, maana ndivyo alivyozoea. "Mama Ritha," aliuliza kwa sauti ndogo, "nizime?"

Zipora alisikiliza, kwa makini, mara ya mwisho. Mitatu.

"Zima," akasema.

Kompresa ikakohoa, ikanyamaza. Kengele ililia kidogo, ikapungua, ikaacha. Wakakaa hivyo, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake, mpaka jua likawa kali.

Kisha kengele ikalia mara moja tu.

Zipora akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda kubandika maji ya kuoga.